Nataka MBA bila kuacha kazi: nifuate jina la chuo au ratiba?

Fundi Mitambo

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni mhandisi wa matengenezo kiwandani, mwaka wa 9 huu. Mwaka jana nilikabidhiwa idara ya watu 40 pamoja na bajeti yake, na tangu hapo vikao vinanitoa jasho. Mtu wa fedha akianza habari za mtiririko wa fedha na thamani ya sasa ya mradi, mimi natikisa kichwa tu kama nimeelewa. Ndiyo maana nataka MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Kazi siachi, nina watoto wawili na mkopo wa nyumba.

Vyuo vimebaki viwili. Cha kwanza kina jina, kimo kwenye orodha za kimataifa za vyuo bora. Vipindi ni jioni, siku 3 kwa wiki, kwa miaka 2. Cha pili hakitajwi sana, ila wanakutana Ijumaa na Jumamosi kila baada ya wiki mbili, miezi 20 unamaliza. Mwajiri atalipa nusu ya ada kwa sharti kwamba nibaki miaka 3 baada ya kuhitimu. Shemeji yangu ameshahukumu: fuata jina. Nyie mliopita huko mnasemaje?

Mfunga Hesabu

Shemeji yako hajakosea, mkuu, ila amejibu swali la mtu mwingine. Orodha maarufu za MBA hupima zaidi programu za kutwa, za watu walioacha kazi wakaenda kusoma. Ile ya gazeti la Financial Times la Uingereza, kwa mfano, inawauliza wahitimu wanalipwa kiasi gani miaka 3 baada ya kumaliza, na wengi wao walikwenda kusoma ili wahame kazi. Wewe huhami, umeshajifunga kwa mkataba. Kiulize chuo habari za darasa lile utakaloingia wewe: wangapi walianza, wangapi walimaliza, wako wapi sasa.

Mimi nilifuata jina. Ni mhasibu, na kila mwisho wa mwezi kuna siku 4 ambazo sitoki ofisini kabla ya saa 3 usiku. Darasa lilikuwa linaanza saa 12 jioni. Sijui nilidhani nini! Muhula wa kwanza nikakosa karibu nusu ya vipindi vya takwimu. Wenzangu wa kikundi walinibeba mara mbili. Ya tatu wakaniandikia barua pepe yenye adabu nyingi mno, ningeona nafuu wangenitukana. Nikaacha, na ada ya muhula ikawa imekwenda na maji. Miaka 2 baadaye niliingia programu ya wikiendi kwenye chuo ambacho ofisini kwetu hakuna aliyewahi kukisikia, nikamaliza.

Kwa hiyo chukua kalenda yako ya kazi ya mwaka mzima, hasa zile wiki za kuzima mitambo kwa matengenezo makubwa, uilaze juu ya kalenda ya chuo. Zikiangukia wiki za mitihani, jina la chuo halitakusaidia.

Halafu omba ruhusa ukae darasani siku moja. Mhadhiri mwache, tazama waliokaa kwenye viti. Mambo ya gharama na bei nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa anaendesha bohari ya dawa, tulikuwa kikundi kimoja. Nilipata kwake kuliko kwenye vitabu vyote vya muhula ule. Ukikuta darasa zima ni vijana waliotoka shahada ya kwanza juzi, ujue mwalimu utakuwa wewe, na ada unalipa wewe.

Karani wa Udahili (mstaafu)

Niongezee la ithibati, yaani chombo cha nje kukagua chuo na kuthibitisha ubora wake, maana watu wanauziwa nembo. Zinazotambulika zaidi duniani ni tatu: AACSB ya Marekani, iliyoanzishwa 1916, EQUIS ya Ulaya na AMBA ya London. Mbili za kwanza hukagua chuo cha biashara kwa jumla. AMBA huangalia programu za MBA zenyewe, na inataka wanaodahiliwa wawe wamefanya kazi angalau miaka 3. Chuo kukosa zote tatu si ushahidi kwamba ni kibovu, lakini kikikosa usajili wa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake, kimbia.

Wakikudai GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara, usitumie vitabu vya zamani. Mtihani wa sasa una sehemu 3, saa 2 na dakika 15, alama kuanzia 205 hadi 805, na matokeo yanadumu miaka 5. Lakini uliza kwanza. Programu nyingi za wenye uzoefu hukusamehe mtihani huo.

Mpita Njia

Kama tatizo ni lugha ya watu wa fedha tu, kozi ya miezi 3 haitoshi kweli?

Mfunga Hesabu

Swali zuri hilo, ningeulizwa mimi mapema ningeokoa ada. Na mkuu, huo mkataba usome upande wa pili pia: *wao* wakikupunguza kazini mwaka wa kwanza, deni linabaki kwa nani?

Fundi Mitambo

Nashukuruni wote. Mpita Njia, kozi fupi nilishasoma, ilinisaidia kusoma taarifa za hesabu. Ninachotaka sasa ni nafasi ya meneja wa uzalishaji, na tangazo lake limetaja shahada ya uzamili.

Kalenda nimezilaza jana usiku. Matengenezo makubwa yanaangukia mitihani ya chuo cha jioni, muhula wote wa pili. Cha wikiendi kinagongana mara moja tu, Ijumaa moja. Wamenikubalia kukaa darasani Jumamosi hii. Kipengele cha kupunguzwa kazini hakimo kabisa kwenye mkataba. Nimewaandikia watu wa rasilimali watu, bado wako kimya. Shemeji sijamwambia.