Mjadala: Ushauri wa fildi na kazi tupewe na wanafunzi wenzetu?

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, nasoma kemia. Darasani kwetu kuna wazo kwamba kila wa mwaka wa tatu apangiwe wadogo zake wa mwaka wa kwanza, awaelekeze mambo ya fildi (yale mafunzo ya vitendo kazini), sivii na kazi. Mimi naunga mkono. Mshauri wa wanafunzi ni mmoja, sisi mamia, na ukimpata anakuambia usome kwa bidii. Aliyetoka fildi mwaka jana anajua barua inafikishwa mezani kwa nani. Mnasemaje?

Bureti: Kabisa. Mimi nilianza kusambaza barua mwezi wa sita, nikaambiwa nafasi zilijaa tangu wa tatu. Mwalimu hakuna aliyelisema. Aliyelijua ni dada mmoja wa hosteli.

Kondakta_wa_Ukweli: Kipofu kumwongoza kipofu. Huyo wa mwaka wa tatu hajawahi kuajiriwa, atakuelekeza nini kuhusu ajira? Tena wengi wenu, hasa wa bailojia, mlikosa udaktari mkaangukia huko.

BintiBotania: Umekosa adabu. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na bailojia), ufaulu wa kuomba udaktari nilikuwa nao, nikajaza botania chaguo la kwanza. Majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, yalifanyika Bagamoyo na Korogwe. Unadhani nani anainamia hadubini kuhesabu vimelea? Na chura wa Kihansi aliyetoweka porini akazalishwa Marekani na pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka akarudishwa kwao, ile ni kazi ya akina nani?

Kondakta_wa_Ukweli: Dada, chura halipi kodi ya nyumba.

BintiBotania: Kodi yangu nalipa mwenyewe, tena kwa hiyo hiyo bailojia.

Mtarajali: Udaktari msiufanye pepo. Tunasoma miaka mitano, halafu mwaka mzima wa utarajali, yaani kazi ya hospitali chini ya uangalizi. Ule mgomo wa 2012 si ulianza na watarajali wa Muhimbili wakidai posho?

Bureti: Angalau ninyi mna posho ya kudai! Sisi tunafanya kazi za maabara za watu, nauli juu yetu.

Mtarajali: Bodi ya Mikopo si inawapa hela ya fildi? Elfu kumi kwa siku kama sikosei.

Bureti: Mwenye mkopo, tena akipangiwa hicho kipengele. Asiye nao je?

Mzazi_Tabora: Wanangu, hapo ndipo penye kidonda. Binti yangu alipata fildi Dar, hana mkopo. Alikaa kwa shangazi yake Chanika, akawa anatoka alfajiri kuwahi daladala mbili. Mwezi wa kwanza wote alibandika lebo kwenye chupa za sampuli, mashine anaiona kwa mbali tu. Ijumaa anapeleka logibuku, lile daftari la kazi za fildi, inasainiwa bila kusomwa. Mwenzake mwenye mjomba mle ndani alifundishwa mashine wiki ya kwanza. Hao wa mwaka wa tatu watamsaidiaje binti wa hivyo?

Bureti: Shikamoo mzazi. Wangemwambia asiende pale. Sisi tuliopita tunajua maabara ipi inafundisha na ipi inatafuta mikono ya bure. Hiyo orodha chuo hakiwezi kuibandika ukutani, wenye maabara watanuna. Sisi kwa sisi tunaambiana.

Kondakta_wa_Ukweli: Kwa hiyo ushauri wenu ni umbea wa maabara.

Bureti: Uite utakavyo. Ungemwokolea yule binti mwezi mzima.

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, turudi kwenye hoja. Wa mwaka wa tatu wapangiwe wadogo zao au la?

Mzazi_Tabora: Wapangiwe, lakini na nauli itafutwe. Kujua mlango bila nauli ya kuufikia hakujamsaidia mtoto wa Tabora.

Kondakta_wa_Ukweli: Nauli tena! Mara mtadai na chakula.

BintiBotania: Na mchana wale nini? Wewe kwanza futa ile kauli ya bailojia.

Kondakta_wa_Ukweli: Sifuti.

BintiBotania: Basi tuambie ulisoma kozi gani, na fildi ulitafutiwa na nani.