Wazee wanatimiza miaka 40 ya ndoa: Maldives, Nairobi kwa twiga au Rubondo?

Nyamhongolo_Kwetu
Wakuu mwangaluka. Sisi watoto tumekubaliana kwenye grupu la familia kwamba wazazi wetu mwaka huu wakitimiza miaka 40 ya ndoa tuwapeleke mahali pa maana wakapumzike, maana hawajawahi, hotelini wamelala siku za rufaa ya Bugando tu. Mezani kuna tatu. Maldives, kuna ule mgahawa wa chini ya bahari unakula huku samaki wanapita juu ya kichwa. Nairobi, ile hoteli ya Giraffe Manor twiga anaingiza kichwa dirishani mnakunywa chai. Au kisiwa cha Rubondo hapa hapa Ziwa Victoria kwetu. Kaka yetu wa Dar anapigia debe Dubai lakini hajapata wa kumuunga mkono. Mliowahi kufika naombeni uzoefu, ipi inafaa?

Kapripointi
Mkuu umeleta mada nusu. Bajeti ni kiasi gani? Mwezi gani? Wazee wana umri gani, pasipoti wanazo? Wanaenda wenyewe wawili au na mtoto wa kuwasindikiza? Bila hivyo kila mtu atakushauri ndoto zake.

ZenjiTamu
Kwa nini mruke Zanzibar jamani? The Rock pale Michamvi Pingwe, mgahawa umekaa juu ya jiwe, maji yakitoka unatembea kwa miguu mpaka mlangoni, yakijaa unavushwa na boti. Ukitaka cha ajabu zaidi vuka Pemba, Manta Resort wana chumba kinaelea baharini tangu 2013, kitanda kiko mita 4 chini ya maji na vioo pande zote, usiku wanawasha taa ngisi na samaki wanakuja dirishani. Viza hakuna, pasipoti hakuna, Kiswahili mpaka jikoni.

Msafiri_Nyegezi
Huo mgahawa wa Maldives unaitwa Ithaa, upo Conrad kisiwa cha Rangali. Ulifunguliwa 2005, upo kama mita 5 chini ya usawa wa bahari, watu 14 tu wanaingia kwa wakati mmoja. Mimi nilifika kule kikazi na niseme ukweli, ukikaa pale papa mdogo anapita juu yako chakula unakisahau. Ila kushuka ni ngazi za kuzunguka, nyembamba. Kama kuna mzee wa magoti fikirieni hapo. Viza haisumbui, unapewa ukifika siku 30 bure, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache nyumbani.

Nyamhongolo_Kwetu
Asanteni. Baba ana 68, mama 63, na kweli magoti ya mama yanamsumbua. Baba alikuwa mvuvi Ukerewe maisha yake yote, mpaka leo wanaishi Nansio. Pasipoti tutashughulikia. Bajeti ipo, tusianze na hela kwanza.

Kapripointi
Tunaanza na hela hiyo hiyo kiongozi. Giraffe Manor ina vyumba 12 tu, jengo la 1932, watu wanaweka nafasi miezi mingi kabla na usiku mmoja unalipia kwa dola. Hujasema mwezi, hujasema kiasi, tutakusaidiaje?

DadaWaKirumba
Mimi nataka niongelee Maldives maana inaniuma mpaka leo. Tulimpeleka mama mkwe, kifurushi tulinunua kwa wakala mmoja hapa nchini, jina nalihifadhi, akatuambia kila kitu kimo ndani. Tumetua Male jioni kiza kinaingia, tunauliza usafiri wa kisiwani tunaambiwa ndege za maji, zile zinazotua baharini, haziruki usiku, zinaruka mchana tu, na wakala analijua hilo kabisa, ratiba ya ndege katupangia yeye mwenyewe! Tukalala Male kwa hela yetu, kesho yake tunafika kaunta ya ile ndege tunaambiwa nauli haijalipwa, na nauli ya ndege ya maji kwa watu watatu sio hela ya mchezo, tukampigia wakala simu inaita weee haipokelewi. Kufika kisiwani pazuri sikatai, maji kama kioo, wahudumu wana adabu. Lakini usiku wa mwisho tukala chakula cha ufukweni na mishumaa tukidhani ni sehemu ya kifurushi, kumbe kinalipiwa peke yake, na juu yake kuna huduma 10%, kuna kodi ya utalii ambayo sasa hivi ni 17%, kuna na ile kodi ya mazingira ambayo kwenye risoti imeshafika dola 12 kila kichwa kila siku. Mama mkwe alipoona tunabishana kaunta akakosa raha, akaanza kuuliza "ni mimi nimekula sana?" Mwanamke aliyemlea mume wangu! Safari nzima ya kumheshimu ikaishia hapo. Kwa hiyo mkienda, kila kitu kiandikwe: nauli ya ndege ya maji, kodi zote, chakula gani kimo na kipi hakimo. Ukiona bei ina alama mbili za kujumlisha ujue kodi na huduma bado.

MamaKoku
Pole sana mdogo wangu. Mzazi akishajiona mzigo hata umlaze kwenye dhahabu hafurahi. Mleta mada, wazee wenyewe mmewauliza?

Nyamhongolo_Kwetu
Tunataka iwe sapraizi, mama.

MamaKoku
Sapraizi ya pasipoti mwanangu? Ataenda kupiga picha na alama za vidole uhamiaji bila kujua anaenda wapi? Kaeni nao muwaulize.

Ngosha_wa_Magu
Mnazunguka dunia nzima na Serengeti iko mlangoni. Lango la Ndabaka lipo kando ya barabara ya Musoma ukishapita Lamadi, toka Mwanza unafika kabla jua halijawa kali. Mtanzania kiingilio analipa kwa shilingi, mzungu dola. Kama ni mwezi wa sita nyumbu wako huko huko mto Grumeti. Kule upande wa Grumeti kuna Singita, wazungu wanavuka bahari kuja kulala pale, na sisi tunapapita kwenye basi tukienda Sirari.

Msafiri_Nyegezi
Singita ukiwa na bei ya Mtanzania utuambie, maana ile lodge sio kiingilio cha hifadhi.

Ngosha_wa_Magu
Sijasema bei, nimesema iko karibu.

Busisi_Daraja
Mimi kura yangu Rubondo na sababu ninazo. Hifadhi tangu 1977, msitu mtupu, kijiji hakuna, kuna sokwe ambao babu zao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1966 mpaka 1969 wakaachiwa mle wakajifunza upya kuishi porini. Kuna nzohe (wale swala wa kwenye majimaji), fisi maji, tembo wanaoga ziwani. Na sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, habari ya kusubiri kivuko imekwisha, unanyoosha Geita halafu boti, au mnapanda ndege ndogo. Sio lazima kambi ya kifahari, TANAPA wana banda zao safi pale Kageye. Wanaume wanavua sangara kwa ndoano, ukimpata unampima unapiga picha unamrudisha majini.

Nansio_Original
Hapo kwenye kumrudisha sangara hapo. Mzee kavua miaka yote kulisha familia leo umwambie ampige picha amwachie? Atasononeka. Na mtu wa Nansio ukimpeleka kisiwani akatazame ziwa, amepumzika kitu gani? Mpelekeni kwa twiga. Mama atacheka twiga akichukua chakula mkononi mwake. Kama hoteli ni ghali, Giraffe Centre ipo jirani tu, unalipa kiingilio unawalisha, mnalala hoteli nyingine nzuri.

Busisi_Daraja
Nansio hakuna sokwe wala tembo mkuu. Na mke wake hajawahi kuhudumiwa samaki mezani, amewapika yeye miaka 40. Mpishi amletee sato wa kuchoma, michembe (viazi vitamu vya kukausha) na karanga pembeni, yeye amekaa tu.

Kapripointi
Hilo la mama kukaa akahudumiwa ndio la msingi, popote mtakapochagua. Ila sato awe wa ziwani, sio huyu wa kufugwa kwenye vizimba, hana ladha.

Mfugaji_Sengerema
Ladha gani? Mimi nafuga vizimba huku Sengerema, sato wangu yuko kwenye maji hayo hayo ya ziwa yanayopita muda wote. Ile harufu ya tope inatoka kwenye mabwawa yaliyotuama yenye mwani mwingi, msitubebeshe sisi.

Kapripointi
Wa kwenu ana mafuta tumboni mpaka yanakera, chakula cha viwandani kinaonekana.

Nansio_Original
Wa wavu mwenyewe siku hizi unampata mara ngapi? Minofu ya sangara ndio hiyo inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, mifupa na vichwa.

Nyamhongolo_Kwetu
Wakuu nawafuatilia. Maldives naona dada zangu wameshaanza kurudi nyuma kwa ajili ya ngazi na makodi. Nitawauliza wazee leo jioni kwa simu. Kwa Rubondo, boti kutoka upande wa Geita ikoje kwa mtu wa magoti, kuna gati au unabebwa?

Igombe_Shamba
Samahani kuingilia uzi. Mfugaji_Sengerema, vifaranga vya sato unachukua wapi, na kizimba kimoja unaweka wangapi? Nina eneo huku Igombe.

Mfugaji_Sengerema
Njoo PM, nitakupa na namba ya wanaotengeneza fremu.