Vyeti vya zamani vya Ireland: yuro 30 kwa kimoja, kuna njia ya nafuu?

Mtafutaji_Kisauni
Salaam jamani. Nataka rekodi ya kuzaliwa na ya ndoa ya babu yake mama. Mzaliwa wa Cork, Ireland, karibu na 1888, ukoo Sullivan. Alioa huko kabla ya kuja Mombasa. Tovuti moja yataka yuro 30 kwa kila cheti, na ukikosea mtu hela hairudi. Kadi ya benki sina, nina M-Pesa tu. Halafu, ule moto wa Dublin wa 1922 si uliunguza kila kitu?

Shubaka
Usilipe kitu bado. Moto wa 1922 ulikula sensa za 1821 hadi 1851, wosia na vitabu vingi vya kanisa la Kianglikana. Rejista za serikali za kuzaliwa, ndoa na vifo hazikuwa kwenye jengo lile, zipo.

Tena picha za kurasa zenyewe zaonekana bure kwenye IrishGenealogy.ie, tovuti ya serikali ya Ireland. Ingia sehemu ya rekodi za kiraia. Itakutaka uandike jina lako na utie alama kwenye kisanduku. Hiyo ni kanuni ya sheria yao, si kujisajili wala hakuna malipo. Kuzaliwa lazima kuwe kumepita miaka 100, ndoa 75, kifo 50. Mtu wa 1888 yumo.

Usajili wa watu wote ulianza 1864. Ndoa zisizo za Wakatoliki zilianza kuandikwa 1845, kwa hivyo ndoa ya Wakatoliki ya 1850 usiitafute huko, utaipata kwenye vitabu vya parokia. Hivyo navyo vyasomeka bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, hadi karibu 1880.

Ukifungua picha utaona ukurasa mzima: mistari 10 kwa kuzaliwa, ndoa 4 kwa ukurasa. Shuka hadi mstari wako, pakua faili, basi. Saiba yoyote itakuchapishia.

Mtafutaji_Kisauni
Shukran. Nimejaribu, Sullivan wa Cork ni kama mchanga wa pwani. Nitamjuaje wangu?

BiMkubwa_Tudor
Mwanangu, umeanzia mwisho. Anza na ndoa, kisha rudi nyuma. Rekodi ya ndoa ina jina la baba wa bwana na wa bibi arusi, kazi zao, na mahali maharusi walipokuwa wakiishi. Mama hatajwi. Ndoa ni rahisi kuthibitisha kwa sababu una majina mawili: kwenye faharisi (orodha ya majina), jina la bwana na la bibi arusi lazima yaelekeze ukurasa mmoja. Ukiona umri umeandikwa "full age", maana yake 21 au zaidi, usiutumie kupigia hesabu.

Ukishapata jina la baba na kazi yake, nenda kwenye kuzaliwa. Kwa mwaka 1888 faharisi haikuonyeshi ukoo wa mama, lakini picha inao. Basi fungua moja moja, ukitafuta baba yule yule na kazi ile ile. Yachosha, ila ni bure.

Mambo matatu yanayowapoteza watu. Kwanza, tafuta Sullivan na O'Sullivan zote mbili. Ile "O" ilikuwa ikidondoshwa na kurudishwa bila mpango. Pili, wilaya za usajili si kaunti. Zilifuata mipaka ya maeneo ya zamani ya kutolea misaada kwa maskini, na wilaya ya Youghal kwa mfano ina sehemu ya Cork na sehemu ya Waterford. Majina nayo yalibadilika: Queenstown sasa ni Cobh. Tatu, tarehe ya kuzaliwa yaweza kuwa ya uongo. Aliyechelewa kusajili alitozwa, kwa hivyo wazazi walisogeza siku mbele. Ndiyo maana utakuta mtoto "amebatizwa" kabla ya kuzaliwa! Amini kitabu cha kanisa.

Rekodi ya kifo iache mwisho. Za wakati ule hazitaji wazazi.

Shubaka
Naongezea: sensa za 1901 na 1911 zipo bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wana miaka mingapi ya ndoa na watoto wangapi wako hai. Yaani mwaka wa ndoa ya wazazi wake unaupata hapo. Umri wa wazee wa 1911 usiuamini sana, maana pensheni ya miaka 70 ilikuwa imeanza 1909 na wengi "walizeeka" ghafla.

FundiKadi_Likoni
Kuhusu pesa. Kama rekodi ni mpya mno na picha haipo, omba nakala isiyo rasmi kutoka ofisi kuu ya usajili, iliyoko Roscommon: yuro 5, si 30. Cheti kamili chenye muhuri ni yuro 20. Hicho ununue tu ukitaka cha kisheria, mfano kuomba uraia wa Ireland kupitia babu au bibi aliyezaliwa kule. Nakala ya yuro 5 haitakubalika. Kwako wewe huyo ni babu wa mama, kwa hivyo kwa nasaba tu picha ya bure yatosha.

Ukiomba, wape mwaka, robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa. Hizo unazipata kwenye faharisi ya FamilySearch, tovuti ya nasaba, bure pia, inayofika 1958. Kabla ya 1878 faharisi ni ya mwaka mzima, hakuna robo.

Kadi: kwenye M-Pesa fungua GlobalPay, inakupa namba za Visa za kulipia mtandaoni. Weka salio kidogo la ziada, kiwango cha kubadilisha yuro hakilingani na kile cha Google, na malipo yakikataliwa ombi lako halianzi kushughulikiwa.

Mtafutaji_Kisauni
Ndoa nimeipata, wilaya ya Bantry. Baba mtu ni mvuvi. Naingia kwenye kuzaliwa sasa.

BiMkubwa_Tudor
Tazama na wilaya ya Castletown, jirani yake. Na chukua 1886 hadi 1890, si 1888 peke yake.