Tupeane uzoefu: daladala na bajaji za Tanga ukiwa na ulemavu, au ukiwa na mtoto wa kiti mwendo

Mama Shani
Asalaam aleikum wadau. Leo asubuhi pale Mgandini nimemwona kaka mmoja wa magongo, Hiace tatu zimempita. Ya nne ikasimama, konda akamtazama miguu kwanza, usoni baadaye, akasema "imejaa". Siti mbili tupu nilikuwa naziona kwa macho yangu. Nikakumbuka yangu yote. Mwanangu ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, kila Jumanne nampeleka mazoezi ya viungo. Alipokuwa mdogo nilimbeba mgongoni kwa kanga, hakuna konda aliyeuliza. Sasa mgongoni haingii tena, na kile kiti chake wakikiona tu wanakanyaga mafuta. Wenye yenu semeni, na mnafanyaje?

Mwana wa Makorora
Yamenikuta yote hayo. Pole dada.

Mzee Baiskeli
Mimi ni wa polio, nina baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono. Daladala niliziacha zamani. Mji wetu ni tambarare, kutoka kwangu hadi sokoni nafika bila kumwomba mtu. Shida yangu ni mitaro. Gari likinibana pembeni sina pa kukimbilia, mtaro uko wazi na mfuniko haupo. Mara mbili nimetumbukia gurudumu la nyuma.

Nyota ya Duga
Mama Shani umenitonesha. Hili sijawahi kuliandika popote.

Mwaka juzi, saa moja asubuhi, natoka mjini naenda Pongwe kwa dada yangu. Mwanangu alikuwa na miaka sita, hakai bila kuegemea na hasemi. Konda alikuwa mtu mwema, hilo nalisema mapema. Alinishikia mtoto, tukamkalisha siti ya nyuma ya dereva, nikamzungushia kanga kiunoni nikaifunga kwenye bomba la siti asije akaanguka. Nikashuka nikakunje kiti. Kilikuwa na kipini kimoja kimeshika kutu, mpaka ukipige kisigino ndipo kikubali. Konda akaja nyuma kunisaidia. Nimeinama, nasikia bodi inagongwa: pa, pa. Gari likaondoka.

Mimi nimeshika kiti mkononi, konda yuko pembeni yangu. Tunatazamana. Abiria fulani alichoka kusubiri akagonga bodi mwenyewe, dereva akajua ni konda wake.

Nilipiga ukelele hata sijui nilisema nini. Konda anampigia dereva simu, inaita haipokelewi, mziki uko juu. Kijana wa bodaboda akaniambia "panda mama" hata bei hakuitaja. Njia nzima nawaza mwanangu hawezi kusema jina lake, hawezi kusema jina langu, wakimshusha mahali nani atajua ni wa nani?

Tulilikuta gari limesimama karibu na Kange. Mtu alisema "shusha" na mlango haukufunguliwa, ndipo dereva alipogeuka akaona hana konda. Nimeingia, mwanangu yuko mapajani kwa bibi mmoja wa makamo. Fundo la kanga limelowa lote, alikuwa analitafuna. Yule bibi ndiye aliyetaka kushuka, kwake ndipo hapo, na alikataa kushuka. Aliwaambia, "Mwenye mtoto atakuja, na mimi nipo."

Mwana wa Makorora
Subhanallah.

Tunu
Nimesoma huku nimemshika mwanangu. Yule bibi ulimpata tena?

Nyota ya Duga
Hapana. Hata jina sikumuuliza, nilikuwa nalia tu.

Binti Raskazone
Na yule aliyegonga bodi alisemaje?

Nyota ya Duga
Alikaa kimya anatazama dirishani.

Konda Mstaafu
Pole sana mama. Ila jamani msitumalize makonda. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Hesabu ya bosi, ile hela ya kumpelekea mwenye gari kila siku, haipungui, ubebe kiti mwendo usibebe. Nikisimama dakika tatu kufunga kiti, gari la nyuma linanipita na kuzoa abiria wa vituo viwili vya mbele. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho tunachogawana na dereva. Hizo dakika tatu zinatoka mfukoni mwangu.

Binti Raskazone
Kwa hiyo mlemavu ndiye abebe hesabu ya bosi wako? Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ibara ya 9 inataja usafiri waziwazi. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu, Na. 9, ikafuata 2010. Sio hisani ya konda.

Konda Mstaafu
Sijasema ni hisani. Nimesema nani anazilipa.

Binti Raskazone
Ndio ninyi mnaotoza kiti nauli ya mtu.

Konda Mstaafu
Nilitoza, ndiyo. Kikikaa ndani kinakula siti. Na wasiokuwa nayo niliwabeba bure, Mungu shahidi.

Mama Shani
Nyie wawili, taratibu. Wote nawahitaji hapa.

Mtanga wa Mbali
Nipo Marekani, mke wangu yuko kwenye kiti mwendo. Sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 inataka hivi: mji wenye mabasi ya umma yanayopita njia zilizopangwa uwe pia na magari ya kumfuata mtu ambaye ulemavu wake haumruhusu kutumia basi la kawaida. Tunapiga simu siku moja kabla. Nauli haitakiwi kuzidi mara mbili ya ile ya basi, na msaidizi wake halipi. Lakini ni pale basi linapopita tu, robo tatu ya maili kila upande, kama kilomita 1.2. Ukikaa mbele ya hapo hawalazimiki kukufuata.

Msidhani ni peponi. Tumewahi kungoja saa nzima kwenye baridi, gari likafika na abiria wengine watatu, likatuzungusha mji mzima. Ila dereva ana mshahara. Mke wangu akichukua dakika kumi kupanda, dereva hapotezi hata senti, ndiyo maana hanuni. Konda Mstaafu kasema kitu hapo.

Tunu
Na mwendokasi wa Dar je? Pale sakafu ya kituo na ya basi ziko sawa tangu ulipoanza 2016. Kaka yangu anajisukuma mwenyewe anaingia, hakuna anayemtazama.

Mzee Baiskeli
Mama Shani, daladala achana nazo. Tafuta bajaji mmoja, awe huyo huyo kila wiki. Sakafu iko chini, mtoto anaingia kirahisi, kiti kinafungwa nyuma kwa mipira ya tairi.

Mwana wa Makorora
Ila usimlipe ya mwezi mzima mbele. Mimi wangu aliuza chombo akahama na hela yangu.

Tunu
Mlipe mbele, ndio atakuheshimu. Au fanya kama mdogo wangu, yeye kaolewa naye kabisa dereva wake.

Konda Mstaafu
Kama ni daladala, toka saa nne, sio saa moja. Saa nne tunatafuta watu. Kaa siti ya mbele kwa dereva.

Nyota ya Duga
Siti ya mbele hapana, breki moja tu mtoto yuko kwenye kioo. Na mtoto apande wa mwisho. Kiti kwanza, mtoto mwisho. Nimejifunza vibaya.

Binti Raskazone
Halmashauri ina asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, haina riba. Kikundi kikiomba bajaji, hesabu ya bosi haipo. Konda Mstaafu, ukiitwa kufundisha madereva kufunga kiti utakuja?

Konda Mstaafu
Nitakuja dada. Niambie siku.

Mwana wa Makorora
Mama Shani, na mimi huwa nampeleka mama mazoezi Jumanne, amepooza upande mmoja. Bajaji moja tukigawana nauli inatosha. Kiti cha mwanao kinakunjika?

Mama Shani
Kinakunjika. Saa mbili na nusu nitakuwa tayari ndani ya geti. Ukija piga honi, nitoke na kiti kwanza.