Kumwingiza mgeni launji: kadi moja inamtosha nani na nani anabaki nje

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Mwezi ujao tunasafiri familia nzima, mimi, mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka sita na mdogo hajafikisha miwili, na mama mkwe naye anaondoka siku hiyohiyo eapoti hiyohiyo ila yeye kakatiwa ndege nyingine maana ya kwetu ilikuwa imejaa. Mume wangu kazi yake ni ya kusafiri kila mara kwahiyo ana Gold ya Star Alliance, ile kadi ya ngazi ya juu ya muungano wa mashirika ya ndege, na ameshamwambia mama asiwe na wasiwasi atapumzika launji, kile chumba cha kusubiria cha eapoti, mpaka ndege yake iite. Mama magoti yanamsumbua na ana masaa kama matano ya kusubiri. Je kadi moja inaingiza watu wote hawa? Mmoja kaniambia Gold anaingiza familia yake, mwingine anasema mtu mmoja tu. Asanteni.

*

Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza mapema. Aliyekwambia mtu mmoja ndo kasema kweli. Gold ya Star Alliance inamwingiza mwenye kadi na mgeni mmoja basi, haijali huyo mgeni ni mke, mtoto au mfanyakazi mwenzake, na mgeni lazima awe anapanda ndege ileile anayopanda mwenye kadi. Kuwa na tiketi ya siku hiyohiyo haitoshi, hata shirika lilelile halitoshi kama namba ya ndege ni nyingine. Kwahiyo mama kwa tiketi aliyonayo haingii kwa kadi ya mwanae hata kama nafasi ya mgeni iko wazi, na ni bora mumeo amwambie leo kuliko mama aje kuambiwa na mtu wa mapokezi mbele za watu.

Mimi hizi safari za kikazi nimezifanya muda mrefu na hili jambo linaniuma kwasababu naona linavowatokea wazee wetu. Kuna siku nilikuwa nyuma ya familia moja kwenye foleni ya launji, baba kaweka bodingi pasi yake kwenye mashine ikakubali, akaweka ya mama yake, yule dada wa kaunta akasoma namba ya ndege kwenye karatasi ya kwanza akasoma na kwenye ya pili, akasema kwa upole kabisa samahani huyu ana ndege tofauti. Bibi wa watu alishampa mjukuu mkoba amshikie aingie. Wakageuka wote, hakuna aliyeongea, bibi akaenda kukaa kwenye vile viti vya chuma vya getini. Dada wa kaunta hana kosa, yeye hana uwezo wa kubadilisha chochote, mashine ndo inaamua na kila mgeni anayeingia kuna mtu analipia, maana mara nyingi launji ni ya shirika moja na linamdai shirika lililotoa kadi.

Sasa kitu ambacho wengi hakijawakaa vizuri ni kwamba ruhusa ya kuingia launji inaweza kutoka kwenye tiketi yako, au kwenye uanachama wako wa kusafiri sana, au kwenye kadi ya benki, na kila njia ina sheria yake ya mgeni. Tiketi ya bizinesi kwenye Star Alliance inakuingiza wewe peke yako, mgeni hamna, wakati mwenye Gold aliyekaa ikonomi kule nyuma anaruhusiwa mgeni. Watu wanashangaa sana hapo, mtu kalipa hela ndefu ya bizinesi alafu anaambiwa mkeo abaki. Mwenye tiketi ya first ndo anaruhusiwa mmoja. Na siku hizi hata hiyo bizinesi soma vizuri kabla hujalipa, Qatar Airways wana bizinesi ya bei ya chini wanayoiita Lite ambayo launji haimo kabisa, kiti unalala vizuri lakini kabla ya ndege unasubiri na wengine, na siyo wao peke yao wenye tiketi za namna hiyo.

Miungano mingine mambo ni tofauti kidogo na hii ndo ingemsaidia mama. Oneworld, yaani kina British Airways, Qatar, Cathay Pacific na wenzao, ukiwa Sapphire au Emerald, ndo ngazi zao za juu za uanachama, unaingiza mgeni mmoja na huyo mgeni siyo lazima apande ndege yako, anatakiwa tu awe na safari ya shirika lolote la oneworld. SkyTeam ambako wako Kenya Airways, KLM, Air France na Delta, mwenye Elite Plus, ngazi yao ya juu, naye ana mgeni mmoja ambaye naye awe anasafiri na shirika la SkyTeam, ila kwa SkyTeam kumbuka ruhusa yenyewe ni ya safari za kimataifa. Kwahiyo ukisikia mtu anasema mbona mimi nilimwingiza shangazi na alikuwa na ndege nyingine, hasemi uongo, ana kadi ya muungano mwingine.

Kingine angalia ndege yenyewe nani anairusha. Unaweza kuwa na namba ya ndege ya shirika lililomo kwenye muungano lakini ukifika getini ndege ni ya shirika ambalo halimo, hapo Gold yako haina nguvu. Oneworld wanataka vyote viwili, namba ya ndege iwe yao na anayeirusha awe wao. Kwenye tiketi huwa kuna mstari mdogo unaosema safari inaendeshwa na nani, watu hawausomi na ndo wenye majibu yote. Na mashirika yanahama pia, SAS walikuwa waanzilishi wa Star Alliance mwaka 1997 lakini tarehe 1 Septemba 2024 wakahamia SkyTeam, kwahiyo mtu mwenye Gold yake ya Star akipanda SAS leo haimsaidii launji wakati miaka yote ilikuwa inamsaidia. Alafu wapo ambao hawamo kwenye muungano wowote, mfano Emirates, kule ni sheria zao wenyewe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili launji nyingi hazimhesabu. Huyo wa miaka sita anahesabika mtu kamili. Kwahiyo kwa kadi ya mumeo ni yeye, mtoto mchanga, na mmoja kati yako wewe na mkubwa wenu. Hapo ndo naona sheria haiko sawa kwa watu wenye familia, mtoto wa miaka sita utamwacha wapi nje peke yake? Inamaanisha mzazi mmoja anabaki naye, na mara nyingi anayebaki ni mama wa watoto.

*

Naunga mkono mkubwa hapo juu, naongezea upande wa Marekani kwasababu sisi huku tunachanganywa zaidi na kadi za benki.

Kwanza mjue mashirika ya huku kwa safari za ndani hadhi yako haikufungulii launji. Ukiwa Gold wa United na unasafiri ndani ya Marekani tu, United Club ambayo ndo launji yao huingii kwa hiyo Gold, mpaka uwe na safari ya kimataifa. Ila mtu mwenye Gold ya Star aliyoipata kwenye shirika la nje, mfano Ethiopian au Turkish, anaingia na mgeni wake hata kwenye safari ya ndani. American Airlines nao hivohivo kwa wanachama wao. Ndo maana kuna watu wanaishi huku lakini maili zao, yaani pointi za kusafiri, wanaziweka shirika la nje, ukifikiria siyo ujinga.

Kuhusu kadi za benki, zile habari za kuingiza ukoo mzima zimeisha. Launji za Centurion za American Express tangu Februari 2023 mwenye kadi yao ya Platinum ya Marekani analipia mgeni dola 50, mtoto wa miaka 2 mpaka 17 dola 30, mpaka uwe umetumia dola 75,000 ndani ya mwaka ndo unapata wageni wawili bure, na huruhusiwi kuingia zaidi ya masaa matatu kabla ya ndege yako. Kadi ya Venture X ya benki ya Capital One nayo ilikuwa nzuri kwa wageni lakini kuanzia tarehe 1 Februari 2026 wageni ni wa kulipia kwa wengi. Mtu anakuja kukwambia kadi fulani inaingiza wawili bure, muulize alisoma lini.

Na Priority Pass, ile kadi ya kuingilia launji ambayo benki nyingi zinatoa, jamani muwe makini na kitu kimoja. Mlangoni hawakuombi hela. Wanaskani kadi yako, wanakugeuzia kimashine au kikaratasi uweke sahihi, na pale kuna idadi ya wageni imeandikwa. Kama kadi yako haina wageni wa bure utakatwa baadaye kwenye kadi ya benki, kila mtu na hela yake, na wewe unakuja kuona kwenye stetimenti umeshasahau hata safari ilikuwa ipi. Soma ile namba kabla ya sahihi. Nimeona mtu kaandikiwa wageni wawili na kaingia na mmoja, aliposema palepale ilirekebishwa ndani ya dakika moja, ukishaondoka inakuwa kesi. Alafu launji ikijaa wana haki ya kuwakataa wa Priority Pass, haijalishi umelipa nini benki.

*

Asanteni sana nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Mume wangu nimemwonyesha, kanyamaza, kasema atamwambia mama mwenyewe jioni. Sasa je nikimpa mama ile kadi ya Gold aingie nayo yeye, sisi tubaki nje? Na kama haiwezekani kuna njia gani nyingine, maana siwezi kumwacha mama masaa matano kwenye kile kiti.

*

Hapana mdogo wangu, hilo usilifanye. Wanachoangalia ni bodingi pasi, na jina la kwenye bodingi pasi lazima liwe la mwenye uanachama. Ikionekana kadi imetumiwa na mtu mwingine shirika linaweza kuufuta uanachama wenyewe na maili zote zikaenda, miaka ya mumeo ya kusafiri iishie hapo. Na mgeni anaingia na mwenyeji wake, huwezi kumwachia mlangoni ukaondoka.

Kwa mama mimi ningefanya hivi. Kitu cha kwanza kabisa pigia shirika lake simu leo muombe msaada wa wiliche, yaani kiti cha magurudumu. Usione aibu na mama asione aibu, ni bure, na kama mnaondokea Ulaya ni haki iliyoandikwa, kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya, unatakiwa tu kutoa taarifa masaa 48 kabla. Uingereza pia sheria yao imebaki vilevile. Mama atachukuliwa kuanzia kaunta, atapitishwa ukaguzi bila kusimama foleni ndefu, na eapoti nyingi kubwa zina sehemu ya kukaa kwa watu wenye msaada, viti vyake ni vya maana na kuna mtu anayejua ndege yake ni saa ngapi. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hiyo inamsaidia kuliko launji, maana launji nyingine ziko mbali na geti, unatembea mpaka unachoka upya.

Cha pili, mnunulie nafasi kwenye launji ya kujitegemea, zile za kina Plaza Premium au Aspire ambazo hazijali umepanda shirika gani. Unalipa kabla kwenye mtandao unachagua saa ya kuingia. Muda ni wa kuhesabiwa, mara nyingi ni saa mbili au tatu, kwahiyo kwa masaa matano yake panga aanzie nje na nyie mkiwa bado mpo, ile sehemu ya mwisho mkishaondoka ndo awe ndani. Wengi wanafanya kinyume, wanamwingiza mzee mapema alafu muda unaisha wao wameshapaa na mzee anatolewa nje akiwa peke yake.

Na hapa tazama sana launji iko upande gani. Kama yeye terminali yake ni nyingine, au nyie mnapita uhamiaji na yeye hapiti, mnaweza msiweze hata kuonana baada ya ukaguzi. Eapoti za Ulaya zina upande wa Schengen, yaani nchi ambazo kati yao hakuna ukaguzi wa pasipoti, na upande usio wa Schengen na launji ziko pande zote mbili, ukinunua ya upande usio wake hela imeenda. Tumia namba ya ndege yake kuangalia terminali, usikisie kwa kufuata ya kwenu.

Kama hela inaruhusu basi familia nzima nunueni launji hiyohiyo ya kulipia mkae na mama pamoja kama pande zinakutana, kuliko kugawana baba ndani na nyie nje. Launji ya Gold ina siku nyingine, mumeo anasafiri kila mara. Na kama ndege yenu itafunguka nafasi mama akahamia huko, basi mgeni wa kadi awe mama, aingie na mwanae, wewe na watoto mtafute kona yenye sehemu ya kuchezea, mimi ningeamua hivo na nadhani hata wewe umeshaamua.

Kingine mwambie mumeo aingie kwenye bukingi yenu usiku huu ahakikishe namba yake ya uanachama imeingizwa na ni ya shirika ambalo lina hiyo Gold, maana zinakuwaga zimebaki za shirika jingine la zamani. Bodingi pasi ikitoka iwe imeandikwa Star Gold. Kama haipo arudi kaunta palepale kabla hamjapita ukaguzi, ndani kule hakuna wa kuirekebisha haraka.