Je, bima ya afya igharamie upasuaji wa kurejesha tumbo la mama baada ya uzazi?

Mleta hoja, Nyegezi

Naleta hoja ambayo hapa Mwanza huzungumzwa saluni na kwenye foleni ya kliniki ya watoto, lakini ikifika penye wanaume hugeuzwa kichekesho. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipotangaza mwaka 2023 huduma za upasuaji wa kurekebisha muonekano, wengi wamezungumzia makalio tu, kana kwamba mwanamke aliyezaa mara nne hana jambo jingine la kumpeleka kwa daktari wa upasuaji isipokuwa kutaka kutazamwa. Ninachodai ni kwamba upasuaji wa tumbo ambalo misuli yake imeachana kwa sababu ya mimba ni tiba, na kwamba bima inapaswa kuugharamia pale ambapo mazoezi tiba yameshindikana. Kufyonza mafuta, kuinua matiti na kujaza makalio navitenga kwa makusudi. Anayevitaka na avilipie.

Misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo, inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani, imeunganishwa katikati na utando mgumu. Mimba inapokua, utando huo hutanuka na misuli husogea pembeni. Baada ya kujifungua, kwa wengi hurudi na kwa wengine hairudi. Utafiti uliofanywa Norway kwa wanawake 300 wa uzazi wa kwanza, ukachapishwa mwaka 2016, ulikuta asilimia 60 bado wana nafasi kati ya misuli hiyo wiki 6 baada ya kujifungua, asilimia 45 baada ya miezi 6, na karibu theluthi moja baada ya mwaka mzima. Hao walikuwa wamezaa mara moja tu. Takwimu za afya ya uzazi za mwaka 2022 zilionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke wa Tanzania, na sisi wa Kanda ya Ziwa si watu wa kuushusha wastani huo.

Wapo watakaosema kwamba hakuna nchi inayofanya hivyo. Australia iliuondoa upasuaji huu kwenye bima yake ya umma mwaka 2016 kwa hoja kwamba ni urembo, kisha, baada ya wanawake na madaktari kulalamika kwa miaka kadhaa, ikaurejesha tarehe 1 Julai 2022 kwa masharti: nafasi kati ya misuli iwe angalau sentimita 3 na ithibitishwe kwa kipimo cha picha, mama awe na maumivu au usumbufu, tiba zisizo za upasuaji ziwe zimejaribiwa zikashindwa, na uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu mimba ya mwisho. Sioni ni kwa nini masharti ya namna hiyo yasiweze kuandikwa kwa Kiswahili.

Mkunga mstaafu, Ilemela

Mwanangu, nimekusoma mara mbili, na ya pili nimekusoma nikiwa nimekasirika kidogo, kwa hiyo unisamehe ukali.

Mfuko wa bima ni mmoja. Vifo vya wajawazito na wazazi nchini vilihesabiwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za mwaka 2015/16, vikashuka hadi 104 katika zile za 2022. Ni kazi kubwa iliyofanyika, nami nilikuwa ndani yake, lakini 104 bado ni wanawake waliokufa wakileta uhai. Mimi nimepokea mama kutoka visiwani aliyevuka ziwa usiku katika mtumbwi huku akivuja damu, na nguo zilizotandikwa chini yake hazikuwa na rangi yake tena. Nimewauguza waliopata fistula kwa sababu ya uchungu uliokaa siku mbili, wanaovuja mkojo hadi waume wanawakimbia, na najua jinsi ambavyo madaktari wa Hospitali ya Bugando wamehangaika nao mwaka baada ya mwaka. Nioneshe shilingi ambayo haina mama wa namna hiyo anayeisubiri, ndipo tuzungumze juu ya kukaza tumbo.

Halafu kuna hili. Zamani mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga na kunyweshwa uji wa pilipili manga hadi arobaini. Sisemi kwamba kanga iliirudisha misuli. Nasema kwamba kwa siku hizo 40 hakuna aliyemwinulisha ndoo, na huenda kilichomponya ni huko kupumzishwa zaidi kuliko kanga. Leo mama wa Mabatini anarudi gengeni wiki ya pili, kisha tunashangaa tumbo halirudi.

Na kwa kuwa umegusa matiti: nawasikia mabinti wakikatisha kunyonyesha mwezi wa nne ili yasianguke. Matiti hulegezwa na mimba zenyewe, umri, uzito na sigara. Madaktari wa upasuaji waliolichunguza jambo hili Marekani hawakuona kwamba kunyonyesha ndiko kunakoyaangusha. Mtoto anyonye.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Nyamagana

Mama mkunga, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya kupumzishwa, ila nina neno kwa mleta hoja.

Utafiti wa Norway ulioutaja umeunukuu nusu. Utafiti huo huo, ulipowauliza wanawake hao baada ya mwaka mmoja, haukuona kwamba waliobaki na nafasi kati ya misuli waliumwa mgongo na nyonga kuliko waliorudi sawasawa. Hilo linaidhoofisha hoja yako, kwa sababu kuachana kwa misuli peke yake hakuthibitishi ugonjwa. Ninao wagonjwa wenye nafasi ya vidole vitatu wanaobeba mzigo bila shida, na wenye vidole viwili ambao hawawezi kuinuka kitandani bila kugeukia ubavu. Ukiandika sheria ya bima inayotegemea rula pekee utamlipia wa kwanza na kumfukuza wa pili.

Lakini lipo jambo katika utafiti huo ambalo ungelitumia kama ungelisoma hadi mwisho: wanawake waliosema wanainua vitu vizito mara 20 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na nafasi hiyo. Sasa hesabu ndoo ambazo mwanamke wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, huinua kwa asubuhi moja.

Kuhusu mazoezi, tusiahidi kisichowezekana. Mazoezi hujenga nguvu na hurudisha uwezo wa kazi, ila si kila mara huifunga nafasi, na hayakazi kamwe ngozi iliyozidi. Mwenye kutaka kujipima alale chali, akunje magoti, anyanyue kichwa kidogo na apime kwa vidole juu na chini ya kitovu. Kipimo hicho ni cha kukisia, na altrasaundi huona vizuri zaidi, lakini kinatosha kumfanya mtu ajue kama aje kutuona. Wengi hawaji kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba tupo. Kama ningekuwa na kura, kabla ya kudai upasuaji ningedai kila mama apimwe tumbo anapompeleka mtoto kliniki wiki ya sita.

Baba wa watoto watatu, Igoma

Nitasema kwa ufupi. Bima ikikubali kulipia "misuli iliyoachana", kila anayetaka kiuno chembamba ataandikiwa misuli iliyoachana. Tunajua fomu zinavyojazwa. Pili, wapo waume watakaoanza kuuliza mbona la jirani limerejeshwa na la kwako bado, na mwanamke atapelekwa kisuni asikokutaka.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba

Nimesoma yote haya nikiwa nimekaa juu ya gunia. Niruhusuni niseme yangu.

Baada ya mtoto wa tatu nilipata ngiri ya kitovu. Bima ililipa bila maneno, kwa sababu ngiri ina jina linalokubalika. Daktari wa hospitali moja, ambayo siitaji, aliniambia waziwazi kwamba misuli imeachana kutoka chini ya titi hadi chini ya kitovu, lakini yeye amelipwa kufunga tundu, kwa hiyo atafunga tundu. Alifunga, na baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa ngiri ikarudi pale pale. Daktari wa pili alinieleza kwamba ngiri inayoshonwa katikati ya misuli iliyoachana ina uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi, kwa kuwa uzi unashika utando uliochoka. Maana yake ni kwamba bima italipa mara ya pili, labda na ya tatu, kwa kazi iliyokataa kuilipia mara moja.

Mama mkunga, nakuheshimu, na sitaki shilingi ya mama anayevuja damu. Lakini hizi ninazozisema zimekwisha kutumika tayari, na zimetumika vibaya.

Aliyefanyiwa nchini India, sasa anaishi Buhongwa

Nauza siri yangu kwa sababu ya wale wanaoona picha za kabla na baada na kufikiri kwamba katikati yake hakuna kitu. Nilipoteza kilo nyingi baada ya mimba ya nne, nikabaki na ngozi iliyoning'inia na kuota vidonda kila msimu wa joto. Niliuza kiwanja cha Kisesa.

Nililazwa kwa nusukaputi, nikakatwa kutoka nyonga hadi nyonga, ngozi ikaondolewa, misuli ikavutwa na kushonwa katikati, na kitovu kikatolewa upya kwenye ngozi iliyoshushwa. Niliamka na mirija miwili ya kutoa majimaji, na kwa zaidi ya wiki nilitembea nimeinama kama bibi anayetafuta sindano. Walinichoma dawa ya kuzuia damu isigande miguuni na kupanda mapafuni, wakanitembeza wodini siku ya pili ingawa nililia. Kovu langu limevimba na linawasha. Niliambiwa mapema kwamba ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo, nikaitikia bila kusikia.

Vidonda vimekwisha, na sijutii. Ila daktari alinikatalia mambo mawili ambayo hapa nayasikia yakiahidiwa. Kwanza, alikataa kunifyonza mafuta kwa wingi siku hiyo hiyo, akisema kufyonza hakukazi ngozi wala misuli, na kwamba kurundika upasuaji mwingi kwa wakati mmoja ndiko kunakoongeza hatari. Pili, shoga yangu aliyeuliza kama anaweza kukatwa tumbo hapo hapo wakati wa kujifungua kwa upasuaji aliambiwa hapana: mfuko wa uzazi bado ni mkubwa, ngozi imevimba maji, na hatari ya kuvuja damu na kuingia usaha ni kubwa mno. Husubiriwa miezi sita au zaidi, kunyonyesha kuishe, uzito utulie, na mama awe na uhakika kwamba hazai tena, maana mimba nyingine huweza kuyafungua yote.

Makalio sikuyagusa. Wataalamu wa upasuaji huo walikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya watu 3,000 hivi wanaojazwa mafuta makalioni mmoja hufariki, mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu na kusafiri hadi mapafuni. Kiwanja kilinitosha kulipia tumbo, na hata kama kingebaki nisingekwenda.

Mleta hoja, Nyegezi

Nimekosolewa na nimekubali. Utafiti niliutumia nusu, kwa hiyo naondoa rula peke yake na kuweka uwezo wa kufanya kazi: mama apimwe na mtaalamu wa mazoezi tiba, afanye mazoezi kwa miezi isiyopungua sita chini ya usimamizi, na aonekane bado anashindwa shughuli zake za kila siku. Hapo hofu ya baba wa Igoma inapungua, ingawa haiishi. Anayetaka kiuno tu hatavumilia miezi sita ya kupimwa, na anayeandika fomu ya uongo atalazimika kuwa na mwenzake wa kushirikiana naye. Ama waume wenye kulinganisha wake zao na majirani, hao hawasubiri bima.

Kwa mama mkunga, sina jibu la kuridhisha juu ya mfuko mmoja. Natambua kwamba nikiwekwa mbele ya chupa ya damu na uzi wa kushonea misuli nitachagua damu. Ninachoomba nianze nacho ni kile alichokitaja dada wa Kirumba: mwenye ngiri na misuli iliyoachana kwa pamoja ashonwe vyote kwa kisu kimoja na bima imlipie vyote. Hilo halifungui mlango kwa kila mtu, na huenda likaokoa fedha. Wengine wote waanzie kwenye mazoezi, ambayo nayo yalipiwe.

Jambo moja silegezi. Mwenye kujilipia, kwa sababu yoyote ile, asiaibishwe. Aulize tu kama aliyeshika kisu ameandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kama upasuaji huo hasa ndio aliosomea, kwa maana madaktari bingwa wa fani hii nchini ni wachache, na mabango ni mengi kuwaliko.

Mkunga mstaafu, Ilemela

La ngiri nalikubali. Ningelikubali hata kabla sijakasirika. Kupimwa wiki ya sita nalikubali zaidi, na ningependa wakunga wafundishwe kupima kwa vidole, kwani haihitaji mashine. Mengine bado.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba

Asanteni. Nina swali ambalo hamjaligusa. Daktari amesema nikishonwa vyote nikae wiki sita bila kuinua kitu kizito. Bima italipa kisu, lakini wiki sita hizo hailipi. Sisi wa dagaa hupumzika kwenye mbalamwezi, siku kama kumi hivi, kwa sababu taa hazivuti samaki ziwa likiwa na mwanga. Nikipanga kulazwa mwezi ukiwa unaanza kukomaa nitapata siku hizo bila hasara. Zilizobaki zinazidi mwezi mzima, na mchezo wetu wa upatu umeniweka wa nane kati ya kumi na wawili. Nimewaomba wenzangu nibadilishane zamu na wa tatu. Bado hajanijibu.