Nguzo zenye helmeti barabara ya Verdun, Ufaransa

MzeeWaTunduma: Wakuu, shemeji alinipitisha kwa gari toka Bar-le-Duc hadi Verdun. Njia nzima kuna vinguzo vya kilomita, juu vimevishwa helmeti. Karibu na Verdun kuna mnara mkubwa. Shemeji anawaza chakula tu, hajui lolote. Ni nini hiyo?

Kokoto_77: Hiyo ni Voie Sacrée, yaani Njia Takatifu, mkuu. Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia, reli kuu za Verdun zilikuwa zimekatwa au ziko chini ya mizinga ya Wajerumani. Wafaransa ikawabakia barabara hiyo, kama kilomita 70, na kireli chembamba pembeni, kupeleka askari na silaha. Siku za mapigano makali lori lilipita kila sekunde 14. Kwa wiki moja walipitishwa wanajeshi kama 90,000 na tani 50,000 za risasi na makombora. Farasi na waenda kwa miguu walipigwa marufuku. Mnara ulizinduliwa 1967. Hata namba ya barabara leo ni 1916.

MzeeWaTunduma: Sekunde 14! Mimi niliyezoea foleni ya mpakani nasema huo ni uongo wa kizungu. Lori likifa je?

Kokoto_77: Linasukumwa mtaroni, mzee, msafara hausimami. Tope likizidi, vibarua wanamwaga kokoto magurudumu yakiwa yanapita juu yake.

Binti_Kariakoo: Vita hiyohiyo huku kwetu Afrika Mashariki mizigo ilibebwa kichwani. Nairobi wapagazi wamo kwenye sanamu ya kumbukumbu, Dar sanamu ni ya askari peke yake. Hilo linaniuma.

MzeeWaTunduma: Kweli, binti yangu. Sasa Kokoto, pale mnarani gari naegesha wapi?